Ombi la Kuifunga Njia ya Kurudi Jumanne

Kwa Mlezi wa Daftari,
Duka la vifaa vya shule, mlango wa kwanza.

Mama yetu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na akili timamu na vidole visivyo na grisi. Lalamiko langu linahusu safari za kwenda jana katika mji wetu wa daftarini. Maji yamezidi unga.

Najua unakumbuka, ila barua rasmi humkumbusha hata anayekumbuka. Wewe ndiye uliyetoa daftari la kurasa mia mbili lizunguke vibanda vinne vya jengo letu: kwa kinyozi, kwa mshonaji, kwangu mimi fundi saa, na kwa bwana wa fotokopi. Hadithi moja, mji mmoja, kila mtu na mhusika wake na zamu yake. Sheria uliweka moja tu: tuandike kwa wino, hakuna kufuta wala kuchana ukurasa. Niliipigia makofi. Kumbe mwenzetu mmoja alikuwa anatafuta mlango wa nyuma.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chombo chenyewe. Mshonaji ameandika kwamba mhusika wake, Binti, akikanyaga cherehani kinyumenyume, siku zinarudi. Mama, cherehani unayo nyumbani. Ukiikanyaga kinyume uzi unakatika, basi. Hata uongo wa hadithini unapaswa kuwa na adabu.

2. Ugonjwa umeenea. Mhusika wa kinyozi ameiazima cherehani ili akamrudishie mteja nywele alizomharibia. Mhusika wa bwana wa fotokopi alirudi jana, akajikuta mwenyewe dukani, na badala ya kuona haya akajitoa nakala. Sasa wako watatu na kiti ni kimoja. Nilipomuuliza mwandishi wao yupi ni halisi, alinijibu ni yule mwenye kikohozi.

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mhusika wangu, kama ujuavyo, ni Karani wa mnara wa saa, mtu wa kazi na ratiba. Jumanne moja, ukurasa wa kumi na nne, Binti alipanda ngazi zote arobaini na mbili za mnara, akabisha hodi, akauliza: "Karani, una nafasi tukanywe chai?" Zamu yangu ilipofika niliandika kwamba yuko kazini, na mnara wa saa hauachwi peke yake. Jibu sahihi, la heshima, lenye nukta mwishoni.

Tangu hapo Binti amerudi Jumanne ile ile mara kumi na moja. Hajaenda kuzuia moto wa soko, niliouandika mimi kwa kurasa sita na jasho. Hajaenda kumwokoa mtu. Anapanda ngazi zile zile na kuuliza lile lile. Nami kila mara natafuta jibu: Karani anatia mafuta, Karani anahesabu meno ya gurudumu, mara ya tisa ikabidi nimpe homa. Kisha maskini wa watu anarudisha mishale ya saa kubwa kwa mkono, kwa kuwa siku imerudi.

Safari ya mwisho Binti alikuja amevaa kilemba kipya cha kijani, jambo lisilosogeza hadithi hata hatua moja. Siku ya pili nikamwona mshonaji mwenyewe kibandani kwake na kilemba cha rangi hiyo hiyo. Nilimweleza kwa upole kwamba mwandishi hapaswi kujichanganya na mhusika wake. Alinitazama, akainamia kitambaa chake. Hata asante sikupata.

Kwa hiyo naomba utunge sheria hizi:

(a) Asiende mtu jana bila barua ya jana, yenye muhuri wa jana.

(b) Wanaotoka kesho wakae nyuma ya foleni ya wa leo.

(c) Mtu akikutana na nafsi yake waamkiane. Yule anayetoka kesho ndiye mkubwa kwa umri, apewe shikamoo yake.

(d) Ngazi za mnara zivunjwe. Karani atashushiwa chakula kwa kamba, au atapandishiwa, nitalifikiria.

(e) Hayo yakishindikana, Jumanne iondolewe kabisa katika wiki ya mji wetu.

Maji yakimwagika hayazoleki, mama. Aliyejibiwa amejibiwa.

Nisalimie baba na wajukuu, kinyozi, na bwana wa fotokopi, wote watatu. Mshonaji naye msalimie. Mwambie ile suruali yangu bado naiona ndefu kidogo, nitaipitisha kwake tena apunguze pindo, ingawa ni mara ya tano na sasa inaishia juu ya vifundo vya miguu.

Ni mimi mwanao mtiifu kwa wino na kwa saa,

Fundi Saa,
Mlango wa tatu.

Tanbihi: Kabla sijaifikisha barua hii, daftari limeniletea zamu yangu. Mshonaji ameandika mistari miwili tu. Binti ameshuka ngazi za mnara, cherehani amemgawia jirani, na kuanzia leo ataziishi siku zake zinavyokuja. Ndicho nilichokuwa nakiomba. Nimekaa nayo mistari hiyo tangu asubuhi, sijafungua saa hata moja, na roho inaniuma. Mara kumi na moja, mama, na mimi nahesabu meno ya gurudumu!

Sheria zangu zichane, barua hii si daftari. Tayari nimeandika kwamba Karani ameuacha mnara peke yake na anashuka ngazi mbili mbili, leo, si Jumanne. Ukipita saa kumi ukakuta kibanda changu kimefungwa, usidhani naumwa. Nipo kwa mshonaji, mlango wa pili, nimekwenda kuuliza kama ana nafasi ya chai. Safari hii sikubeba suruali.