Kreti Mbili za Kwenda Buffalo

Jumatatu, 8 Februari 2016. Louisville.

Barua imekuja! Nimeisoma chooni kazini, mara tatu, mpaka mtu akagonga mlango. Shirika nililoomba kazi Desemba bila kumwambia mtu limenikubali. Msimamizi wa ghala la chakula, kambi ya Mtendeli, Tanzania. Kambi yetu ileile! Ilifungwa, mwezi uliopita imefunguliwa tena, maana kule Burundi watu wanakimbia tena. Habari mbaya kwa wengi. Lakini nyumba Kibondo mjini, tiketi za familia nzima, na gari lenye dereva! Mimi, Zenoni, niliyepanga foleni ya posho pale bila viatu, nitashika funguo za ghala. Hapa ghalani Okolona nashika mashine ya kuskani maboksi, na hata hiyo ni ya kupokezana.

Wametoa wiki mbili za kufikiri. Nimefikiri dakika nne, nikajibu ndiyo.

Delfina, mke wangu, sijamwambia. Ana mtihani wa kazi ya kutunza wazee mwezi ujao. Si vizuri kumchanganya kichwa.

Jumanne, 9 Februari.

Nimemwambia bosi naacha kazi. Nilitegemea angalau ashtuke. Akasema sawa, mashine niiache mezani, naweza kwenda leo leo. Miaka minane!

Jean-Baptiste, Mkongomani wa forklifti anayejiona rubani, akataka kujua naelekea wapi. Nikamwambia. Akasema bon, donc, yaani haya basi, narudi kambini kwa hiari yangu, au kuna mtu ananifukuza huku? Wote wakacheka. Wivu mtupu. Kesho nitatoka nyumbani saa ileile, na chakula changu cha mchana, nikakae maktaba.

Jumatano, 10 Februari.

Mpango wa kwanza: Delfina aichoke Louisville mwenyewe, bila kusukumwa. Alfajiri nimeshusha hita mpaka chini kabisa, nikatangaza imeharibika. Nilingoja aseme jamani, kwetu hakuna baridi ya namna hii. Akavaa sweta langu. Jovini, mwanangu wa miaka minane, ameshikwa na mafua. Mimi pia. Kisha Delfina akaenda ukutani, akabonyeza kitufe, joto likarudi. Akasema mimi na mashine hatujawahi kuelewana.

Jioni mpango wa pili. Nikauliza kwa upole kama haukumbuki mgebuka, samaki wa kwetu. Akasema uko kwenye friji, wa duka la Wakongo. Nikauliza kama hapakumbuki kwetu. Akauliza kwetu wapi. Leya, binti yangu wa miaka kumi na moja, alizaliwa Mtendeli na hakumbuki hata kipande cha turubai. Akasema kwa Kiingereza, macho kwenye simu, kwamba baba ana homa.

Nikajikaza. Je, mtu, mtu yeyote tu, akipata kazi nzuri mbali, mke wake afanye nini? Delfina akasema mke huyo angependa kuulizwa. Akaongeza kwamba kwa upande wake, jambo la kuhama lingefika pia kwa kaka yake Silvano, yule wa Buffalo, aliyesimama mahali pa baba yao.

Silvano! Hapo amenipa ufunguo mwenyewe. Nikimpata Silvano, nimempata Delfina. Lile lingine alilosema ni dogo, litajimaliza lenyewe.

Ijumaa, 12 Februari.

Kwa shemeji mtu haendi mikono mitupu, wala haendi na mdomo wake mwenyewe. Sisi Warundi tuna utaratibu. Jambo la mke linapelekwa kwao na vinywaji, na linasemwa na msemaji. Mwenye jambo anakaa kimya. Akifungua mdomo, ameliharibu.

Msemaji wangu ni Salvatori wa Columbus. Ndiye aliyenisemea posa kule kambini. Alisema vizuri mno, hata mwaka uliofuata akajisemea mwenyewe na kumwoa Béatrice, dada yake Delfina. Nimempigia simu. Jambo lenyewe sikumfunulia, maana Salvatori hana siri kwa Béatrice, na Béatrice hana siri kwa Delfina. Nimesema tu kuna jambo zito kati yangu na mke wangu, na lazima lifike kwa Silvano. Akasema pole sana, ndugu yangu, maneno nimwachie yeye. Muungwana kweli!

Delfina nimemwambia naenda kumsaidia Salvatori kuhamisha kochi. Akaniwekea glavu.

Jumamosi, 13 Februari. Columbus.

Nimefika kwao Northland na mgongo umekufa ganzi. Béatrice amerudi kutoka zamu yake ya kutunza wazee kule Westerville, akanisalimia kwa ncha za vidole. Akaweka ugali mezani kama anayeweka kesi mahakamani. Nimemuuliza Salvatori dada ana nini. Akasema ni mwanamke, lazima aumie kwa ajili ya mwenzake, na amemkataza kumpigia dada yake simu mpaka jambo liishe. Sikuelewa. Nikala.

Alasiri tumekwenda Morse Road kununua vinywaji. Silvano ni shemasi, pombe haingii kwake. Tumepata kreti mbili za Fanta ya chupa, ya Meksiko, chupa za kioo kama zile za nyumbani. Njiani Salvatori akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimetubu. Nikasema mbele za Mungu sote tunatubu. Akanishika bega, machozi yakimlengalenga. Nilidhani ni baridi.

Jumapili, 14 Februari. Buffalo.

Siku mbaya kuliko zote. Naandika nikiwa kwenye gari, mbele ya nyumba ya Silvano, glavu mkononi.

Tulifika baada ya ibada. Baridi ya kukata masikio. Sebuleni watu kama kumi, wengi wazee wa kanisa, Silvano katikati na suti yake. Kreti zilipoingia, mazungumzo yakakatika. Mkewe akazima jiko, akaja kusimama mlangoni. Nikafurahi. Nikasema moyoni, utaratibu wetu unafanya kazi.

Salvatori akasimama, akavua kofia. Akazunguka vizuri, akataja mababu, akataja ng'ombe. Kisha akasema mtoto wao Zenoni amekosa. Amekosa sana. Mke amemkimbia, na alikuwa na haki ya kumkimbia. Sasa tumekuja kupiga magoti ili turudishiwe mke wetu.

Nikamvuta koti. Akanipiga mkono bila kukatisha sentensi. Nikafungua mdomo. Wazee wawili wakaniambia shii, mwenye jambo hasemi! Basi nikanyamaza. Kwa heshima!

Silvano akabadilika rangi. Akasema Delfina hajafika hapa. Mkewe akapiga ukunga. Ameondoka lini? Na watoto? Kwenye theluji hii? Salvatori akanigeukia, akauliza nimemfanya nini shemeji yake. Mzee mmoja akaanza kuomba apatikane angali hai. Na mimi katikati ya chumba, mdomo wazi, hakuna anayeniruhusu kuutumia.

Silvano akapiga simu. Delfina akapokea palepale. Yuko nyumbani Louisville, anakaanga samaki, kwani kuna nini? Simu ilikuwa kwenye spika. Watu wote kumi wakanitazama.

Hapo wakaniruhusu kusema.

Nikasema yote. Barua, ghala, gari lenye dereva. Lile la dereva halikumgusa mtu. Kwenye simu ilisikika sauti ya mafuta tu, halafu hata hiyo ikanyamaza. Delfina akauliza ni tangu lini. Nikasema Jumatatu. Akauliza na kazi ya Okolona. Nikasema Jumanne. Akauliza chakula alichonifungia siku zote hizi nilikuwa nakilia wapi.

Nikasema maktaba.

Akakata simu. Silvano akasema vinywaji vikishaingia havitoki, wakafungua Fanta. Mimi sikupewa.

Jumatatu, 15 Februari. Louisville.

Nimemshusha Salvatori Columbus bila kuagana. Nimefika nyumbani jioni. Mlango umefungwa vizuri, hita imewashwa, hakuna mtu.

Leya ameniandikia kwamba Béatrice alikuja kuwachukua asubuhi. Bila shaka tulipishana barabarani, mimi natazama mbele kama mjinga. Nguo za watoto hazipo. Vitabu vya mtihani havipo. Kwenye friji kuna vikopo vitano, vimeandikwa siku zake kwa mwandiko wa Delfina, mpaka Ijumaa. Amenikimbia na bado amenipikia.

Nimekaa kwenye kitanda cha Jovini, nimelia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nyumba hii nilikuwa naiona ndogo.

Salvatori amepiga simu. Anasema nisijali sana, angalau sasa hotuba yake haikupotea bure.

Jumatano, 17 Februari.

Nimemtumia Leya ujumbe: mwambie mama kwamba Kibondo kuna shule ya Kiingereza. Akajibu kwa Kiingereza kwamba yeye si posta, niongee na mama mwenyewe. Nimemtumia Jovini picha ya gari. Hana simu, nimeituma kwa Béatrice. Béatrice hajajibu.

Nimekula kikopo cha Ijumaa leo. Njaa ya mawazo.

Alhamisi, 18 Februari.

Delfina amepiga mwenyewe. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Akasema nisikilize, nisijitetee. Alikuwa na mimba ya Leya, miezi tisa kasoro siku chache, siku ya mgao. Mimi nilikuwa nimelala na malaria. Akasimama kwenye foleni tangu alfajiri, jua likapanda, akaanguka mlangoni pa ghala. Msimamizi akatoka na funguo zake kiunoni. Hakumtukana. Hakumgusa. Akamruka, akaenda kwenye gari lake. Miaka kumi na moja sasa, na bado anakiona kiatu chake. Na mimi, akasema, katika kazi zote za dunia hii, nimeitaka ile.

Sikujua. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Nikasema mimi nisingemruka mtu. Akasema pengine ni kweli, na pengine angeweza hata kufikiria kurudi, kwa sababu wale wanaofika sasa ni watu wetu. Lakini alitaka kuulizwa. Basi. Aulizwe, kama mtu.

Nikasema nisamehe, mama Leya. Nilisema kwa moyo wangu wote.

Akasema Jumamosi niende Columbus kuwachukua. Peke yangu, bila Salvatori, bila vinywaji. Na kabla ya hapo niwaandikie wale watu kwamba siendi. Tukishakuwa nyumbani, watoto wakiwepo, tutaanza upya kuliongea, na akisema hapana ni hapana.

Mke gani huyu! Simstahili.

Ijumaa, 19 Februari.

Nimeandika barua ya kukataa. Nzuri sana, fupi, ya heshima. Nimeisoma kwa sauti jikoni. Bado sijaituma. Nataka kuangalia tena lile neno la mwisho.

Jumamosi, 20 Februari. Njiani, kituo cha mafuta.

Asubuhi nilifungua kompyuta niitume ile barua. Nakula kiapo, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikakuta Shirika wameandika kabla yangu! Wanaelewa kuhamisha familia si jambo dogo. Wanasogeza tarehe mpaka Aprili. Na cheo si msimamizi tena, ni msimamizi mkuu! Wanahitaji uthibitisho leo hii.

Msimamizi mkuu hakai mlangoni pa ghala. Ana ofisi. Kwa hiyo lile jambo la Delfina halihusiki kabisa. Nimethibitisha.

Delfina amenipigia sasa hivi kuuliza nimefika wapi. Mabegi yako mlangoni, Jovini ameshavaa viatu, anachungulia dirishani. Alikuwa anacheka, sauti nyepesi, kama ya zamani. Akauliza kama nimewaandikia wale watu. Nikasema nimewaandikia. Akasema asante, Zenoni. Hajaniita kwa jina langu miaka mingi.

Nitamweleza, siyo kwamba nitamficha. Ila siyo pale mlangoni, mbele ya Béatrice. Tutaingia garini, twende, watoto walale. Nitamwambia tukishapita Cincinnati, nusu ya njia ya nyumbani. Kuanzia pale ni mbali mno kurudi kwa miguu.