Springi za Kilo Mia Nne

Jumatatu, 13 Mei

Mjomba Sakellaris ametangaza safari. Jumamosi, ukoo mzima, kuvua samaki wa barramundi kule kijitoni. Mvua zimekwisha, njia imefunguliwa, mji mzima wa Darwin unapakia magari.

Na ametoa ule mpini wake wa fagio, wenye utepe mwekundu. Bampa la nyuma la gari lako likiwa chini ya utepe, gari haliendi. Sababu ni ukingo wa kijito. Mwaka juzi rafiki yake alinasa pale kwa makalio ya gari, akakaa siku mbili, mamba wakimtazama. Sheria ya mjomba haina rufaa.

Tukapima pikapu aliyonipa Babu baada ya magoti kumkataa. Imepungua vidole vitatu. Vitatu tu! Binamu Pothitos, mtoto wa mjomba, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema pole sana Nomiki, nafasi yako ipo palepale, kiti cha nyuma, kati ya Bibi na kasha la barafu. Akaongeza eti nisisahau mfuko wa kutapikia.

Nina miaka kumi na saba. Nina leseni. Mwaka jana nilikwenda nimepakata watoto wawili na sufuria. Mwaka huu ninaendesha mwenyewe. Lazima!

Moyoni nilimjibu kwa Kigiriki na kwa Kiingereza, kwa ufasaha mkubwa.

Nitainyanyua pikapu.

Jumanne, 14 Mei

Baada ya shule, duka la vipuri. Nilifanya mazoezi ya sentensi yangu mara kumi nikiwa garini: naomba springi za kunyanyua gari, za bei nafuu. Nikaisema vizuri kabisa. Tatizo, muuzaji akauliza swali. Swali halikuwamo kwenye mazoezi!

Jamaa mwenye ndevu nyekundu. Akataka kujua kama gari langu lina mzigo wa kudumu. Mzigo gani? Kudumu mpaka lini? Nyuma yangu wanaume watatu wenye buti za kazi, mmoja anapumua kwa pua. Nikasema ndiyo. Akauliza kiasi gani, kilo mia mbili au mia nne. Mia nne ni kubwa kuliko mia mbili. Nikasema mia nne. Akaitazama pikapu kupitia dirishani, tupu kama sahani iliyolambwa, akasema haya dada, wewe ndiye unayejua.

Nimerudi nyumbani nimevimba kwa fahari. Boksi limechanika, mtu alishawahi kulirudisha, ndiyo maana ni rahisi. Maelekezo ni ya Kichina, pamoja na karatasi moja ya Kiingereza inayoanzia hatua ya tisa. Nimesomeshwa lugha mbili miaka yote hii, na leo hakuna hata moja iliyonifaa.

Jumatano, 15 Mei

Nimefunga! Kazi yote nimeifanya chini ya nyumba yetu iliyoinuliwa juu ya nguzo, Babu akinisimamia kwenye kiti cha plastiki. Babu amemwaga zege maisha yake yote. Springi hazijui. Hilo halikumzuia. Kaza! Nikakaza. Usikaze hivyo! Nikalegeza. Nikamuuliza basi nifuate lipi. Akasema nifuate anachomaanisha, siyo anachosema.

Springi za zamani zilikuwa zimelala bapa kama ulimi wa mbwa mwenye joto. Hizi mpya zimepinda kama upinde. Nikashusha jeki, nikangoja gari lishuke. Halikushuka! Makalio juu, pua inatazama sakafu. Babu akalizunguka mara mbili, akasema gari linasujudu kama waumini siku ya Ijumaa Kuu.

Nikapima kwa mpini wangu mwenyewe, nimeufunga utepe palepale kama wa mjomba. Limepita, na vidole vinne vya ziada! Nimerukaruka peke yangu mpaka Bibi akagonga sakafu kwa juu kuuliza kuna nini.

Alhamisi, 16 Mei

Nimempeleka Bibi dukani. Kupanda tu, tulihitaji kreti la soda na mimi kumsukuma. Tuta la kwanza, kichwa changu kwenye paa. Tuta la pili, chupa ya mafuta ya zeituni ikaruka kutoka mapajani mwa Bibi ikamrudia. Alifanya ishara ya msalaba kwenye kila tuta, mwisho mkono haukupumzika tena. Akaniuliza, mwanangu, hili ni gari au punda aliyeumwa na nyuki?

Nikaingia mtandaoni. Wanaume wa huko wanasema springi za kilo mia nne ni za gari linalobeba kilo mia nne kila siku. Likiwa tupu lazima liruke. Kumbe! Basi dawa ni rahisi. Chini ya nyumba kuna saruji ya Babu, mifuko ishirini ya kilo ishirini. Nimepiga hesabu mara mbili. Ni kama Mungu aliipanga.

Nikapakia yote, nikazunguka mtaa. Godoro! Ninaelea! Mimi ni fundi.

Ijumaa, 17 Mei

Nimepima tena. Imepungua vidole vitatu.

Vitatu! Vilevile vya Jumatatu! Sielewi. Springi nimebadilisha kwa mikono yangu, malengelenge ninayo, na gari limerudi lilipokuwa. Nikashusha saruji. Likapanda. Nikapakia. Likashuka. Nikashusha tena. Babu akauliza kwani tunajenga au tunabomoa.

Likiwa juu linaumiza. Likiwa laini liko chini. Lazima kuna siri ambayo watu wa springi wanaijua na hawaisemi.

Ila nina mpango. Kesho mjomba anapima magari mbele ya nyumba yake. Nitakwenda tupu. Nikishapita, nasema nimesahau chaja, nakimbia nyumbani, napakia saruji, nawakuta njiani. Nani atapima mara mbili? Hakuna!

Jumamosi, 18 Mei. Kambini

Saa kumi na mbili asubuhi. Mjomba akausimamisha mpini kando ya bampa langu. Akainama. Akauondoa, akausimamisha tena. Akauliza ni fundi gani aliyenifungia. Nikasema mimi. Pothitos akatazama viatu vyake. Mjomba akanipiga bega, akasema mnaona, hii ndiyo damu yangu. Ilikuwa dakika tamu kuliko zote maishani mwangu. Ilidumu dakika moja.

Kisha akasema, kwa kuwa gari lako ndilo lililo juu kuliko yote, na ni tupu, wewe mama utabeba vitu. Nikafungua kinywa kukataa. Kikasema sawa, mjomba.

Wakapakia. Makasha matatu ya barafu, madumu kumi ya maji, jenereta, mahema, sufuria za Bibi. Nililiona gari likishuka taratibu, kama mzee anayejikalisha kwenye beseni la maji ya moto. Mtu mwingine hakuona. Saruji ya nini tena? Njia nzima nimeendesha kama malkia.

Mpaka ukingo wa kijito. Bampa likajichomeka kwenye udongo, kwishnei.

Mjomba akaja na mpini. Akausimamisha. Bampa lilikuwa chini ya utepe. Akasema asubuhi si lilipita hili? Watu wote wakakubali lilipita. Akaupima mpini kwa shubiri, kama vile ulikuwa umerefuka njiani. Hapo ndipo nilipotakiwa kueleza. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Wakashusha kila kitu kwenye tope la magoti, Bibi juu ya ukingo akiangalia mamba, mwiko mkononi. Pothitos alibeba jenereta begani akinitukana hatua kwa hatua, kwa mpangilio mzuri. Gari lilipobaki tupu likajinyanyua lenyewe, likatoka hata bila winchi. Mjomba akapima. Limepita! Akakaa juu ya dumu muda mrefu. Kisha akauvunja mpini kwa goti, akauweka kwenye kuni.

Hukumu imetoka wakati wa samaki: kurudi naendesha mwenyewe, lakini gari liwe tupu kabisa. Hata mtu asipande.

Nimeshinda, nadhani.

Jumatatu, 20 Mei

Sijaenda shule. Kilomita mia moja na ishirini za barabara yenye mawimbi kama bati, gari tupu. Siwezi kukaa. Bibi amenikanda kwa mafuta ya zeituni na kuniombea.

Nimefikiri sana, na kosa nimelipata. Mia nne ni kidogo! Ningechukua za mia sita, lingebeba vyote na kubaki juu. Kwa nini hakuna aliyeniambia?

Saa kumi jioni Pothitos akapiga simu. Sauti ya chinichini, baba yake asisikie. Anasema tangu alipoliona gari langu likijitoa kwenye lile tope hajalala. Anataka lake linyanyuliwe hivyohivyo kabla ya safari ya mwezi ujao. Akaniita fundi. Ameshaniita mengi, hilo bado. Akauliza anunue zipi. Nikasema mia sita, bila kusita. Akauliza kama zinaumiza. Nikamwambia hata kidogo, ni kuzizoea tu.

Ninaandika haya nimelala kifudifudi.