Mama Mkwe Nyuma ya Bega Langu

Jumatatu, 4 Machi
Kazi imeanza. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, anachora. Mimi narekodi filamu. Maonyesho ni tarehe 23. Amechukua ubao wa meza ambayo marehemu mama yao alikatia nguo miaka thelathini, ameuegemeza ukutani, na juu yake atachora picha sita za maisha ya mama. Zote kwenye ubao huohuo! Akimaliza moja, narekodi, kisha anaipaka rangi nyeupe na kuchora nyingine juu yake. Mwisho itabaki ya sita tu. Zile tano zitakuwa kwenye filamu yangu. Bila mimi hakuna hadithi. Nimemweleza mke wangu hivyo mara mbili mezani. Amesema nisimuudhi dada yake.

Mama mkwe hakupenda kamera. Hakuacha picha yoyote ya maana. Harusi yetu niliipiga picha mwenyewe, bwana harusi na taa mbili, na kila nilipomgeukia alijiziba uso kwa mkoba. Bado inaniuma.

Jumatano, 6 Machi
Bango limetoka. Jina la shemeji, sentimita nne. Langu, nusu sentimita, chini kabisa, jirani na namba ya simu ya ukumbi. Nimepima kwa rula. Nikaenda kulalamika. Msimamizi wa ukumbi akanijibu kwa upole kwamba watu wanakuja kuona uchoraji. Halafu akauliza kama mimi ndiye fundi wa projekta. Fundi wa projekta!

Ijumaa, 8 Machi
Dawa imepatikana. Kama jina langu halionekani, uso wangu utaonekana. Picha ya kwanza ilikuwa tayari: mama akiwa msichana, anajifunza kutunga uzi kwenye sindano. Nilimwomba shemeji atoke nje, eti nahitaji utulivu. Nikasimamisha kamera, nikakaa kwenye kigoda mbele ya ubao, upande wa kulia, mkono kidevuni. Natafakari. Nimemwachia mama mkwe nafasi ya kutosha nyuma ya bega langu. Mafundi wa projekta hawatafakari hivyo.

Shemeji aliomba kuona nilichorekodi. Nikamwambia filamu haitazamwi mbichi. Kumbe nataka waione wote kwa mpigo siku ya ufunguzi. Akaniita Mkurugenzi. Nadhani ni heshima.

Alhamisi, 14 Machi
Picha ya nne. Mama mkwe anacheka. Yupo kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, ameinua kichwa kana kwamba kuna mtu amesema upuuzi mlangoni. Nakijua kicheko hicho. Mara nyingi mpuuzi wa mlangoni nilikuwa mimi.

Mke wangu alikuja kuitazama, akalia. Shemeji alisema sura ile ilimjia mara moja tu, asubuhi, na hadhani itarudi. Akaniuliza kama nina hakika na rekodi zangu, kwani anaona vigumu kuifuta. Alikuwa tayari kuishia hapo. Nikamwambia aniamini, mimi ni mtu wa familia.

Nitasema kweli, kwa kuwa daftari hili nalisoma peke yangu: niliuonea wivu ubao. Ulitazamwa saa nzima, mimi hata salamu sikupata. Wakati wa kurekodi nikasogeza kigoda karibu na kamera kidogo.

Alasiri shemeji akaipaka nyeupe.

Jumanne, 19 Machi
Ya sita imekwisha: kiti kitupu. Nimekaa kuhariri. Kamera yangu mpya hujitafutia yenyewe uso wa mtu aliye karibu, ikaushika vizuri, na kilicho nyuma kikafifia. Imenishika mimi. Kila kinyweleo! Nyuma yangu, ukungu. Picha ya kwanza, ukungu. Ya pili, ya tatu, ya tano, ukungu. Ya nne, doa la kahawia na doa jeupe, pengine meno. Nimebonyeza kila kitufe. Haisafishiki. Mama mkwe amenikwepa tena, safari hii bila mkoba.

Mke wangu aliingia na chai. Akaniona kwenye skrini, mkono kidevuni. Akauliza mama yuko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaiweka chai chini na kwenda kumpigia simu dada yake yeye mwenyewe, wakati mimi bado natafuta namna ya kulisema jambo hili kitaalamu.

Kiwanda cha kamera kina lawama kubwa.

Jumamosi, 23 Machi
Ufunguzi. Filamu wameiondoa. Ubao peke yake, kiti kitupu, na shemeji pembeni akisimulia kwa mdomo picha tano zilizo chini yake. Alipofika ya nne akashindwa kuendelea. Mke wangu akamshika mkono, akamalizia yeye: cherehani, futi, kicheko. Watu walifuta machozi. Mimi nilikuwa ukutani, karibu na swichi. Msimamizi aliniomba nizime feni, inawasumbua wasikilizaji.

Shemeji hakunigombeza. Hakunitaja kabisa. Nilijiandaa kwa lawama, hata hotuba ya kujibu nilikuwa nayo mfukoni. Nimerudi nayo nyumbani.

Jumatano, 27 Machi
Shemeji ameleta ombi kupitia kwa mke wangu. Anataka rekodi ya picha ya nne, na ukungu wake, vilevile ilivyo. Mke wangu alisema dada yake anasahau, kila siku meno ya mama yanazidi kumpotea, na lile doa ni bora kuliko hakuna. Moyo uliniuma. Nakiri.

Nimeishughulikia siku nzima. Mwanzoni nimeweka jina langu, herufi kubwa, sekunde ishirini. Mwishoni tena, kumi na tano, nisionekane najikweza. Nilipopiga chafya nimekata. Niliposinzia nimekata. Zimebaki sekunde tisa, zile ninazopendeza zaidi. Doa jeupe lilikuwa linavuta macho upande wa bega, nikalififisha. Nimetuma saa nane mchana. Sasa ni saa kumi na mbili jioni, na hata asante hajasema.