Malalamiko Dhidi ya Kengele Inayolala Kazini

Ng'ambo, Tabora
Ijumaa, baada ya swala

Kwa Ndugu Fikiri Mahona,
Mtengenezaji wa programu ya simu iitwayo Kengele ya Dawa.

YAH: KULALA KAZINI

Ndugu Fikiri,

Nakusalimu kwa heshima. Nina umri wa miaka themanini na minne, na daktari sasa ananieleza habari za moyo wangu kwa sauti ya chini kuliko mwaka jana. Kwa hiyo naanza na jambo nililolificha tangu nistaafu. Sebuleni kwangu kuna saa ya ukutani niliyopewa na wakubwa wangu wa reli, na chini yake pana kibati kilichoandikwa: "Kwa Mabruki Issa, miaka thelathini na moja bila kusinzia kazini." Ndugu Fikiri, nililala. Nililala karibu kila siku, kuanzia saa saba mchana hadi saa tisa, kwenye kiti cha ofisi ya stesheni, kofia ikiwa kichwani.

Nalisema hili mapema ili usidhani unaandikiwa na mtu asiyejua anachokisema. Katika mambo ya kulala kazini mimi ni mtaalamu, na programu yako inalala kazini.

Simu hii aliniletea binti yangu Najiat, anayeishi Dar es Salaam, Idi iliyopita. Kazi ya programu ni ndogo. Nikimeza kidonge cha moyo nabonyeza "Nimemeza", yenyewe inahesabu saa nane, kisha inapiga kengele. Nikichelewa kwa zaidi ya saa moja, Najiat anapelekewa ujumbe. Ameshaupata mara tisa. Juzi aliniambia, "Baba, ikifika ya kumi nakuja kukubeba mwenyewe, na nyumba hiyo ibaki na mijusi yake." Namjua, atakuja. Mama yake, marehemu Kuluthumu, amezikwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, kwa mwendo wa fimbo, na mimi sina mpango wa kufia Dar es Salaam.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kioo kikishazimika, haupiti muda nayo inaacha kuhesabu. Sikusingizii. Saa nne asubuhi niliiweka mezani ikiwa imebakiza saa sita, nikaifunika kwa kofia yangu ya zamani ya kazi. Saa nane mchana niliifunua. Ilisema imebakiza saa tano na dakika arobaini. Saa nne zilikuwa zimepita Tabora nzima, isipokuwa chini ya kofia yangu.

2. Inajifanya ilikuwa macho. Nikiigusa tu, sekunde zinaanza kukimbia pale pale zilipoishia, kwa bidii, bila aibu. Mbinu hiyo naijua. Nami nilikuwa nikisikia viatu vya inspekta kwenye kokoto, nafungua daftari la treni na kuendelea na mstari uleule nilioulalia.

3. Ujumbe wa Najiat hautoki kwenye simu yangu. Unatoka kwenye mtambo wako huko uliko, na mtambo huo haujawahi kuchelewa hata dakika moja. Yaani umeajiri wawili: wa kuniamsha analala, wa kunichongea yuko macho.

4. Nilikwenda kwa Godbless, fundi simu wa karibu na soko. Alicheka kwanza, kisha akanieleza vizuri: "Mzee wangu, simu ina saa yake ndani, hiyo haifumbi jicho. Programu haitakiwi ikae inahesabu. Iandike muda wa kuamka, iikabidhi ile saa, ilale zake. Muda ukifika itashtuliwa. Na ikizinduka katikati, iangalie sasa ni saa ngapi, isijiulize ilikuwa imehesabu ngapi." Halafu akaniuliza kama siku ya kwanza programu iliniomba ruhusa yoyote. Nilimjibu kwamba nilikwenda pale kuuliza maswali, si kuulizwa.

Lakini maneno yake yalinifikirisha. Babu wa babu yangu alikuwa kirangozi, mtangulizi wa misafara iliyotoka pwani kuja Unyanyembe. Hakuhesabu hatua. Angehesabu hatua na kusinzia kidogo tu, watu mia tatu wangelala porini bila maji. Alitazama jua.

Na mimi sikudumu miaka thelathini na moja kwa kuhesabu. Kota yetu ilikuwa nyuma ya ofisi. Treni ya mizigo ilipita saa tisa alasiri. Kuluthumu hakuwa na saa. Kivuli cha tangi la maji kilipofika kwenye jiwe la tatu, aligonga mfuniko wa sufuria mara mbili. Siku za mawingu, kivuli kisipoonekana, alisimama nje tangu saa nane akisikiliza reli, kisha akaja dirishani: "Baba Najiat, chuma chako hicho kinakuja. Vaa uso." Nilivaa uso, nikachukua kibendera, nikatoka. Kibati cha ukutani hakimtaji.

5. Nimejaribu kujisaidia mwenyewe. Niliazima simu ya pili ili iwe inaiamsha ya kwanza. Raymundi, anayeniletea mboga kutoka Kipalapala, aliziangalia zote mbili akasema, "Mzee, sasa hii ya pili nani ataiamsha?" Nilimwambia ya tatu. Aliweka mchicha chini, akaondoka akitikisa kichwa, lakini hesabu yangu ilikuwa sahihi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, programu yako iitwe mbele ya kamati ya nidhamu ijieleze kwa maandishi. Pili, ikishindwa kujieleza, ihamishiwe stesheni ya porini isiyo na kivuli, kama tulivyofanyiwa sisi. Tatu, kesi ikiendelea, uniletee simu za kutosha ili kila moja iamshwe na ya nyuma yake, na ile ya mwisho uishike wewe mwenyewe mkononi, ukiwa umekaa kwenye kiti kigumu, bila kujiegemeza, mchana na usiku, hadi nitakapofariki. Daktari anasema si muda mrefu. Sioni kama ni ombi kubwa kwa kijana mwenye nguvu.

Kosa likitokea tena, huo utakuwa ujumbe wa kumi, na barua yako ya kuomba radhi itanikuta kwenye ghorofa ya watu nisiowajua, mbali na mke wangu.

Wasalimie wazazi wako, wenzako wa kazini, na ule mtambo usiolala, ambao sina kinyongo nao. Raymundi na Godbless nao wanakusalimu, kila mmoja kwa kucheka kwake.

Ni mimi, nikiwa macho,
Mabruki Issa
Mstaafu wa reli

N.B. Nimeisoma barua hii upya na nimeona swali la Godbless limebaki bila jibu. Jibu lake ni hili. Siku ile ya Idi, Najiat akiwa jikoni, programu yako iliniuliza kwa Kiswahili kizuri: "Je, unairuhusu Kengele ya Dawa ifanye kazi wakati wote bila kupumzika?" Chini yake palikuwa na Ruhusu na Kataa. Nilisoma mara mbili. Nilimkumbuka Kuluthumu, ambaye kwa miaka thelathini na moja hakulala mchana hata siku moja, si alipokuwa na homa, si wiki aliyomzaa Najiat, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala. Nilibonyeza Kataa.