Kwa Heshima Zote, Napinga

Jumatatu, 4 Machi
Magoti yamechoka. Nimesimama kwenye meza ya kukatia sare za shule tangu kabla binti yangu hajazaliwa, na sasa ananizidi kimo. Msimamizi wetu anastaafu. Kiti chake kina mto. Nakitaka. Mpinzani wangu ni mshona kola, bingwa wa kupinga kwa Kiingereza kila kikao. Bosi humsikiliza yeye. Mimi naitikia tu, hakuna anayeniona. Nimemwomba binti anifundishe misemo ya Waingereza ya kukataa mambo. Kanipa miwili. Wa kwanza una adabu. Wa pili ni mkali: labda mnizike kwanza.

Jumanne, 5 Machi
Kikao. Bosi akataka chai ya asubuhi isogezwe mbele. Nikainuka, nikautoa msemo wa adabu. Bosi akavua miwani, akasema hakujua kama nina mawazo. Chai imebaki palepale. Mshona kola akanikata jicho. Nimerudi nyumbani kifua mbele, nikichechemea.

Alhamisi, 7 Machi
Kikao tena. Bosi alisema maneno mengi, sikuyasikiliza, nilikuwa nafanya mazoezi ya msemo mkali kimoyomoyo. Aliponyamaza tu nikasimama, nikautoa wote, na meza nikaigonga. Bosi akauliza kama nina hakika. Nikaurudia! Kumbe alikuwa amenipendekeza mimi niwe msimamizi. Kiti kimekwenda kwa mshona kola. Ameshukuru kwa Kiswahili, tena kwa kifupi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesusa. Simsalimii mtu, chai yao siinywi, nakata vitambaa nimewapa kisogo. Hakuna aliyegundua. Nyumbani pia nikanuna. Mke wangu akasema kununa ni ruhusa, ila vyombo nioshe.

Jumamosi, 9 Machi
Bosi kaja mwenyewe mezani kwangu. Kasema mshona kola ameomba kurudi kwenye cherehani yake, kazi ya kukaa na kutazama wenzake imemshinda. Je, kiti nitakichukua? Nilikaribia kulia, jamani. Lakini mtu aliyesusa hakubali mara ya kwanza, lazima abembelezwe. Nikakaza shingo, nikatazama dirishani, nikangoja mara ya pili. Bosi akasema haya, akaondoka. Mchana mpiga pasi alikuwa ameketi juu ya ule mto.

Nimelifikiria jambo hili hadi kichwa kinauma. Kosa nimeliona: sikununa vya kutosha. Jumatatu naongeza.