Heshima ya Swichi ya Kwanza

Jumatatu, 29 Septemba
Chipu ya mizani imeungua tena! Nagaveni, fundi mwenzangu, anailaumu amplifaya yangu. Eti inatoa hadi volti kumi na mbili, na chipu inayogeuza umeme kuwa tarakimu inavumilia tano tu. Anataka niweke rezista na dayodi mbili mlangoni mwa chipu, umeme ukizidi upishwe pembeni. Nimemwambia mizani ya vifukofuko vya hariri si benki, haihitaji askari. Ukweli ni kwamba nimeshamwahidi bosi, Bwana Puttaswamy, mizani yenye vipuri vichache kuliko zote mjini Ramanagara. Na kiti cha mkuu wa karakana kiko wazi. Nakitaka mno. Mama mkwe bado ananitambulisha kwa wageni kuwa ni yule fundi wa redio.

Jumanne, 30 Septemba
Dawa imepatikana! Chipu iliyozimwa haivumilii umeme hata kidogo, basi nawasha chipu kwanza, amplifaya baadaye, napakia mzigo polepole. Haiungui. Nagaveni kauliza kama wakulima wote sokoni nao watafundishwa adabu hiyo. Wivu huo. Kaniachia kikopo bapa cha dayodi. Nimekisukumia chini ya mguu wa meza. Meza haiyumbi tena.

Jumatano, 1 Oktoba
Ayudha Puja, sikukuu ya kuziombea zana baraka na kuzipumzisha. Zana zote zimepakwa kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, mizani imevikwa maua, kikapu kimejaa vifukofuko juu yake. Bosi kaja na mama yake. Kwa kujipendekeza nikampa bibi heshima ya swichi ya kwanza, ile kubwa nyekundu. Kumbe ni ya amplifaya! Ya chipu nilimwachia bosi aiwashe baadaye. Bibi akabonyeza, akafumba macho, akaanza dua. Ndefu! Nani amkatize? Nilitamani kulia. Moshi ukapanda.

“Mwanangu,” bibi akasema, “mbona uvumba wenu unanuka plastiki?”

Bosi akanigeukia. Nagaveni ndiye aliyejibu: “Leo zana zinapumzika, bibi. Mizani imetangulia tu.”

Bibi akacheka, bosi naye. Nimeokolewa na mtu niliyemwita mwenye wivu. Aibu.

Alhamisi, 2 Oktoba
Nagaveni katia chipu mpya, rezista na dayodi zake. Bibi kawasha ovyo ovyo, kapakia nazi, kaketi juu yake yeye mwenyewe. Mizani salama! Nagaveni ndiye mkuu wa karakana. Nilimpongeza. Anastahili.

Ila dayodi mbili? Moja ingetosha. Watu walipokwenda kula nimeing'oa ya pili. Bosi ataona nani anajua kubana vipuri. Kikopo nimekirudisha chini ya meza. Imetulia kabisa.