Fremu Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi
Kazi yangu ya kwanza tangu nimalize shule! Tunahesabu mimea ya malisho. Unalaza fremu ya chuma ardhini, unahesabu aina zilizomo. Bosi, mtaalamu wa mimea, amesema kilima kikikosa aina kumi, kitafungwa miaka mitatu nyasi zipumzike. Baba mdogo analisha hapo ng'ombe kumi na wanne, mbavu nje. Hana pengine. Nilitaka kumweleza bosi. Nikasema fremu ni nzito.

Jumanne, 5 Machi
Tumepigilia vigingi pa kulaza fremu. Kuhesabu ni Ijumaa. Fremu namba saba, pekee ya kilimani, nimeichungulia: aina nne, na ya nne naona ni kamba ya kiatu. Mwenzangu kazini, tunamwita Kamusi, kasema hapo hata mbuzi aje na chakula chake. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe.

Jumatano, 6 Machi
Nina mpango! Nimeaga naumwa tumbo. Nimeng'oa aina kumi na mbili kule kinamasini, nikazijaza kwenye mkoba wa shule, nikazipanda ndani ya namba saba. Nimezimwagia maji yangu ya kunywa. Baba mdogo kanikuta na matope hadi viwikoni. Akauliza, umeanguka, mwanangu? Nikaitikia.

Alhamisi, 7 Machi
Zimeinamisha vichwa. Maji tena. Ndama mmoja amekufa. Baba mdogo kasema waliobaki watavumilia, ilimradi kilima kipo.

Ijumaa, 8 Machi
Kamusi amehesabu. Kumi na tano! (Kamba ya kiatu aliitupa.) Bosi alipiga magoti. Mimea ya majimaji juu ya kilima kikavu! Hajapata kuona maishani! Nikasubiri aseme ng'ombe ruksa. Akasema mahali adimu hivi hapakanyagwi na kwato. Kilima chote kizungushiwe uzio. Si miaka mitatu. Moja kwa moja. Akauliza kama kuna mwenye neno. Kamusi alikuwa akitazama kucha zangu. Nikasema fremu ni nzito.

Jumatatu, 18 Machi
Uzio umesimama. Ng'ombe wamebaki tisa. Baba mdogo kawaswaga hadi uwanda wa ng'ambo, kwa shemeji yake, wakae kwa muda. Alinishika kichwa akasema, afadhali wewe mwanangu umepata kazi ya maana. Nikakimbilia chooni.

Jumanne, 19 Machi
Namba saba imekauka yote. Bosi anasema ni kwato za zamani, uzio ulichelewa. Kosa nimeliona: maji yalikuwa kidogo.
Ijumaa tunapima uwanda wa ng'ambo. Kamusi anasema hauna hata aina tano. Maskini baba mdogo!
Nimefua mkoba. Safari hii nabeba na ndoo.